Kudhibiti Uchafuzi wa Maji ya Mvua Katika Ujenzi Mpya Dar es Salaam: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Mradi

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salenda. Kila masika mto huo hushusha mchanga, tope, plastiki, mafuta ya gereji na maji ya vyoo, na sehemu kubwa ya mzigo huo hukwama Jangwani, ambako kitanda cha mto kimekuwa kikiinuka kwa mashapo hadi maji yanakosa pa kupita. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imefunikwa na maji mara kadhaa tangu hapo. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, utapanua njia ya mto na kuinua daraja la Jangwani, lakini hautazuia tope linaloanzia kwenye viwanja vinavyochimbwa leo Goba, Kinyerezi, Kimara au Pugu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu au kampuni inayotaka kujenga nyumba za kupangisha, maduka, ghala, kituo cha mafuta au mtaa mzima wa makazi. Msimamo wangu ni kwamba maji ya mvua yanayoangukia kiwanja chako ni jukumu lako mpaka yatakapotoka yakiwa safi na yakitembea polepole, na kwamba uamuzi kuhusu maji hayo unapaswa kufanyika kabla mchoraji hajachora jengo. Mradi unaosubiri zege la paa likauke ndipo uulizie mtaro hulipa gharama kubwa zaidi kwa matokeo hafifu zaidi.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakutaka nini na nani ataulizwa

Sheria ya msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa. Pima umbali huo wewe mwenyewe ukiwa na mpimaji kabla ya kununua kiwanja, kwa sababu hati au barua ya mauziano ya serikali ya mtaa haikuondolei katazo hilo. Kifungu cha 81 nacho kinataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa, na kinaeleza wazi kwamba kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimpi mtu ruhusa ya kuanza mradi unaohitaji cheti cha tathmini bila kuwa na cheti hicho. Kwa maneno mengine, kibali cha ujenzi cha manispaa peke yake hakitoshi.

Kanuni za tathmini za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinagawa miradi katika makundi: ile ambayo tathmini kamili ni ya lazima, ile iliyo katikati ambayo uamuzi hufanywa baada ya kuchujwa, ile midogo isiyohitaji tathmini kamili, na kundi maalumu. Usijipangie kundi mwenyewe. Peleka maelezo mafupi ya mradi kwa taasisi ya taifa ya mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC, kupitia mtaalamu aliyesajiliwa, nao watakuambia mradi wako uko wapi. Katika maelezo hayo, usiandike tu kwamba "maji ya mvua yataelekezwa kwenye mfereji wa umma". Taja ni mfereji upi, uko umbali gani, unaishia mto upi, na wewe utafanya nini kabla ya maji kuufikia.

Zaidi ya hapo kuna wahusika watano wa kuwatembelea mapema. Manispaa hutoa kibali cha ujenzi na ina afisa mazingira wake. TARURA husimamia barabara nyingi za mitaa pamoja na mitaro yake, na TANROADS husimamia barabara kuu, kwa hiyo huwezi kuunganisha bomba lako kwenye mtaro wa barabara kabla ya kujua barabara ni ya nani na kupata ridhaa yake. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye mamlaka juu ya vibali vya kutiririsha maji machafu kwenye mito ya Dar es Salaam, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. DAWASA husimamia maji safi na mabomba ya majitaka. Maji ya mvua yasiingizwe kabisa kwenye bomba la majitaka, kwa sababu mvua moja kubwa hujaza bomba hilo na kusukuma kinyesi nje kupitia chemba za majirani.

Onana pia na mwenyekiti wa mtaa. Hana mamlaka ya kukupa cheti, lakini yeye na wazee wa mtaa wanajua maji yalipita wapi mara ya mwisho, nyumba ipi iliingiliwa, na kalavati lipi huziba kila mwaka. Ramani nyingi hazina taarifa hiyo.

Hatua ya pili: soma ardhi kabla ya kuchora

Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lakini mchoro wa maji hauamuliwi na jumla ya mwaka. Unaamuliwa na mvua kali ya dakika kumi au saa moja, kwa hiyo omba takwimu za ukali wa mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa kituo kilicho karibu nawe.

Ardhi ya jiji hili haifanani. Uwanda wa pwani una mchanga unaonyonya maji vizuri, lakini sehemu kama Mikocheni na Msasani maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa udongo, hivyo shimo la kunyonyea maji hujaa kutoka chini kabla mvua haijaanza kulijaza kutoka juu. Vilimani, kuelekea Pugu, kuna udongo wa mfinyanzi usionyonya na miteremko inayomomonyoka haraka. Kwa sababu hiyo mchoro uliofanya kazi vizuri Kigamboni unaweza kushindwa kabisa Kinyerezi, na mtu anayekuuzia mchoro uleule kwa viwanja vyote hajakufanyia kazi.

Fanya kipimo cha kunyonya. Chimba shimo mpaka kina kile ambacho mfumo wako utafikia, lijaze maji na uliache lilowe usiku kucha, kisha siku ya pili ulijaze tena na kupima maji yanashuka milimita ngapi kwa saa. Rudia mpaka majibu yafanane. Kama maji yanashuka chini ya milimita 12 hivi kwa saa, usitegemee ardhi kunyonya peke yake. Panga bomba la kutolea maji chini ya mfumo. Kina cha maji ya ardhini kipimwe wakati wa masika, si Agosti. Acha angalau mita 1 ya udongo mkavu kati ya kitako cha shimo la kunyonyea na usawa wa juu kabisa wa maji hayo, mita 5 kutoka msingi wa jengo, na ninapendekeza mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, kwa kuwa familia nyingi jijini bado hunywa na kupikia maji ya visima.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya maji

Hapa ndipo miradi mingi hulegea, ilhali hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kalamu. Zipo hesabu mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ujazo wa maji ya kwanza ya mvua, yale yanayosafisha paa, lami na maegesho na kubeba sehemu kubwa ya uchafu. Ya pili ni kasi ya juu kabisa ya mtiririko, ile inayoamua ukubwa wa mtaro.

Kwa ujazo wa maji ya kusafishwa, kanuni za Los Angeles za mwaka 2000 kuhusu ujenzi mpya zilichukua milimita 19 za mwanzo za mvua. Kwa mvua zetu za pwani ninapendekeza milimita 25. Tuchukue mfano wa kiwanja cha mita za mraba 5,000, chenye paa la mita za mraba 1,200, maegesho na njia za pevingi mita za mraba 1,800, na bustani mita za mraba 2,000. Paa hutoa takriban asilimia 90 ya mvua yake, pevingi ya kawaida asilimia 80, na bustani asilimia 20. Kwa milimita 25, paa linatoa mita za ujazo 27, pevingi 36 na bustani 10, jumla 73. Kiwanja hichohicho kilipokuwa nyasi tupu kilitoa takriban mita za ujazo 25. Tofauti hiyo ya mita za ujazo 48 ndiyo unayomtupia jirani wa chini usipofanya lolote.

Kwa kasi ya mtiririko, zidisha kiwango cha wastani cha maji yanayokimbia (kwa mfano wetu ni 0.58) kwa ukali wa mvua katika milimita kwa saa, kisha kwa eneo katika hekta, halafu gawanya kwa 360 upate mita za ujazo kwa sekunde. Tukichukua mvua ya milimita 100 kwa saa, kiwanja chetu cha nusu hekta kitatoa takriban lita 81 kwa sekunde, wakati kabla ya ujenzi kingetoa lita 28. Lengo la mchoro liwe kurudisha mtiririko karibu na ule wa lita 28, kwa kuyashikilia maji na kuyaachia taratibu kupitia tundu dogo lililopimwa.

Mhandisi wako aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, aonyeshe hesabu hizi kwenye karatasi, si kichwani, na ziambatanishwe na maombi ya kibali.

Hatua ya nne: chagua namna ya kuyashughulikia maji

Anza na paa, kwa sababu maji yake ndiyo safi kuliko yote na hayapaswi kuchanganywa na maji ya maegesho. Mita za ujazo 27 za mfano wetu zinaingia katika simtanki tatu za lita 10,000. Kwa mwaka mzima paa hilo linaweza kuvuna zaidi ya mita za ujazo 1,000, maji yanayotosha kumwagilia, kufulia na kusukumia vyoo kwa miezi mingi, na hiyo ni fedha inayopungua kwenye ankara ya DAWASA. Weka bomba la kutupa maji ya kwanza yanayooshea paa, na wavu usiopitisha mbu kwenye kila mdomo wa tangi. Kumbuka kwamba tangi lililojaa halizuii mafuriko yoyote, kwa hiyo wakati wa masika maji yatumike au yaachiliwe taratibu kati ya mvua moja na nyingine.

Maegesho yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo kuna mafuta, vumbi la breki, na taka zinazotupwa na watu. Ninachokipendekeza kuliko vyote ni bustani ya kuchujia: eneo lililo chini kidogo ya maegesho, ambalo maji huingia kupitia nafasi kati ya mawe ya ukingo, yakituama juu kwa kina kisichozidi milimita 150, kisha yakipenya milimita 600 za mchanganyiko wa mchanga na mboji, halafu milimita 200 za kokoto zenye bomba lenye matundu. Ukijumlisha nafasi zilizo wazi ndani ya tabaka hizo, kila mita ya mraba inabeba takriban mita za ujazo 0.38. Mita za ujazo 36 za pevingi yetu zitahitaji basi takriban mita za mraba 95, sawa na asilimia 5 hivi ya eneo la maegesho. Eneo hilo tayari lipo kwenye michoro mingi kama bustani ya mapambo. Kinachokosekana ni kuishusha badala ya kuiinua kama kitanda cha maua kinachomwaga udongo kwenye pevingi.

Mfumo wowote unaotuamisha maji lazima ukauke ndani ya saa 48. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu aina ya Aedes huzaliana kwenye maji yaliyotulia. Yai huhitaji takriban wiki moja au zaidi kufikia mbu mzima, kwa hiyo mfumo unaokauka kwa siku mbili haumpi nafasi. Wakaguzi na majirani wakilalamika kuhusu mbu, wana haki, nawe uwe na kipimo cha kuwaonyesha.

Mitaro ya nyasi inafaa pembezoni mwa barabara za ndani kwenye mteremko mdogo. Ukoka huotea vizuri na kushika udongo. Kwenye mteremko mkali weka vizuizi vya mawe kila baada ya mita kadhaa, ili maji yashuke kwa ngazi. Pevingi yenye nafasi inafaa sehemu za magari madogo, si kwenye njia za malori.

Vituo vya mafuta, gereji, sehemu za kuoshea magari na majiko ya hoteli visimamiwe peke yake. Eneo la pampu liwe na paa, sakafu ya zege, na mfereji mdogo unaolizunguka na kuishia kwenye mtego wa mafuta na grisi. Maji ya mvua ya nje yasiingie humo kabisa, kwa maana mvua kubwa husukuma mafuta yote yaliyokusanywa na kuyatoa nje kwa pamoja. Kama kipimo cha mafanikio, tumia kiwango cha Tanzania cha majitaka, namba TZS 860: mashapo yanayoelea yasizidi miligramu 100 kwa lita, BOD5 (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu kwa siku tano) miligramu 30, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) miligramu 60, na pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) kati ya 6.5 na 8.5.

Neno moja kuhusu vyoo. Sote tunajua kwamba mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo kwenye maji yanayopita, na kipindupindu hufuata. Mradi mpya hauna kisingizio. Tangi la septiki liwe na ukubwa unaolingana na idadi ya watu, lifikiwe na gari la kunyonya, na vifuniko vyake viwe juu ya usawa wa maji ya mafuriko. Bomba lolote linalotoka kwenye tangi hilo kwenda kwenye mtaro wa mvua ni kosa, hata kama fundi atakuambia kila mtu anafanya hivyo.

Hatua ya tano: dhibiti tope wakati wa ujenzi

Kwa maoni yangu huu ndio wakati wa hatari kuliko yote. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linakadiria kwamba eneo la ujenzi hupoteza udongo mara 10 hadi 20 zaidi ya shamba. Tope la msimu mmoja linaweza kuziba kalavati ambalo TARURA italizibua kwa miaka.

Panga kazi za kuchimba zifanyike Juni hadi Septemba. Ukishindwa, chimba sehemu moja baada ya nyingine badala ya kufyeka kiwanja chote, na funika kwa matandazo au nyasi sehemu yoyote itakayokaa zaidi ya siku 14 bila kazi. Kabla trekta halijaingia, mambo matatu yawe tayari: mfereji wa juu wa kuyakinga maji ya nje yasipite kwenye udongo uliochimbwa, uzio wa kitambaa kwenye upande wa chini, ncha yake ikiwa imefukiwa ardhini na si kuning'inizwa, na bwawa la kutuamisha mashapo lenye mita za ujazo 250 hivi kwa kila hekta inayomwaga humo. Langoni tandika mawe makubwa kwa urefu wa mita 15 ili matairi ya malori yadondoshe tope kabla ya kufika barabarani.

Maji ya kuoshea mashine ya zege na ndoo yana pH inayofika 12, mbali na kiwango cha 8.5, na yanaua samaki na vyura. Chimba shimo lililotandikwa nailoni nzito, yaoshewe humo, yakauke, na mabaki yakiganda yaondolewe kama kifusi. Dizeli na rangi zihifadhiwe juu ya sakafu yenye ukingo, chini ya paa. Marundo ya mchanga na kifusi yafunikwe kwa turubai na yasiwekwe kabisa kwenye mtaro wa barabara, jambo ambalo kila mkazi wa jiji hili ameliona.

Yote haya yaandikwe kwenye mkataba na kwenye orodha ya vipimo na gharama yakiwa na mstari wake wa bei. Mkandarasi akiambiwa "atunze mazingira" bila kulipwa kwa kazi hiyo, hataifanya, na hilo ni kosa la mwenye mradi. Teua mtu mmoja wa kukagua kila wiki na baada ya kila mvua kubwa, akiandika tarehe, alichokiona na kilichorekebishwa, pamoja na picha.

Hatua ya sita: makabidhiano na matunzo

Kabla ya kumlipa mkandarasi malipo ya mwisho, jaza bustani ya kuchujia kwa maji ya bowza na upime muda wa kukauka. Hakikisha mchanganyiko wake haukushindiliwa na magari au kuzibwa na tope la ujenzi, kwa sababu kosa hilo ni la kawaida na haliondoki bila kufukua. Daima bustani hiyo iwekwe mwishoni, baada ya udongo wote wa juu kushikwa na nyasi.

Kisha chora ramani ya mfumo kama ulivyojengwa, si kama ulivyokusudiwa, ikionyesha kila chemba, bomba, tundu la kutolea maji na mtego wa mafuta. Nakala ibaki kwa msimamizi wa jengo, na nyingine ipelekwe kwa afisa mazingira wa manispaa. Panga matunzo kwa misimu: Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli, zoa taka kwenye mitaro, safisha gata, toa mashapo kwenye chemba na kagua wavu wa matangi, mitego ya mafuta ikaguliwe kila mwezi na uchafu wake uchukuliwe na mtu mwenye kibali. Kwenye nyumba za kuuza, gharama hizi ziingizwe kwenye ada ya huduma tangu mauzo ya kwanza, na mikataba ya wanunuzi iwakataze kufukia bustani ya kuchujia ili kuongeza maegesho.

Mradi wenye cheti cha tathmini una wajibu wa kufuatilia na kukaguliwa kimazingira baada ya kuanza kutumika. Chukua sampuli ya maji pale yanapotoka kiwanjani wakati wa mvua ya kwanza ya msimu, ipelekwe maabara inayotambulika, na majibu yahifadhiwe pamoja na daftari la ukaguzi. Mkaguzi akija, au jirani wa chini akidai kwamba tope limetoka kwako, mezani kutakuwa na takwimu.